Pafu la Kushoto la Dorca

Habari hii ni ya kweli tupu, kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho. Samaki alikuwa samaki, umeme ulikuwa umeme, na mwanamke anayetajwa yupo Obunga hadi leo, ana macho mawili na ulimi mmoja unaotosha wanawake wanne. Atakayesema imetiwa chumvi na aapishwe yeye kwanza, kwa sababu mwenye makosa, Mzee Mathews Wakoli, alikuwa amekwisha kula viapo vyake vyote kwa mambo mengine na hakubakiwa hata na kimoja cha kutumia hapa.

Wakoli alikuwa fundi wa simu aliyestaafu. Shule yake iliishia darasa la saba kule Bungoma. Yaliyobaki alifundishwa na bisibisi, mishtuko ya umeme na vitabu vya kuazima ambavyo havikurudishwa. Miaka thelathini na mmoja alipanda nguzo na kufungua masanduku ya waya kando ya ziwa, lakini watu wa soko la Kibuye, Kisumu, hawakumjua kwa hayo. Walimjua kwa hadithi. Yeye ndiye aliyewaambia kwamba mwaka wa mafuriko kiboko mmoja wa Nyakach alimeza kipande cha kebo, na kwa wiki mbili kila aliyepiga simu Sondu alisikia tumbo likinguruma kabla ya kuunganishwa.

"Na kuna waliozungumza naye," angeongeza, uso umekazwa. "Mwalimu mmoja alimaliza dakika tatu nzima akidhani ni mkwewe."

Kwa hiyo siku Sheryl alipomwonyesha mashine inayotazama ndani ya kifua cha mtu bila kisu na bila miale, angepaswa kufikiri mara mbili. Hakufikiri. Sheryl alikuwa mhandisi wa miaka thelathini kasoro mmoja, mwalimu wa chuo kule Bondo, na alikuwa amekodi chumba nyuma ya duka la vyuma Kibuye ili aunde kitu chake. Alimtaka Wakoli kwa jambo moja tu: mkono. Mkono wa mzee yule, akiwa na miaka sitini na sita, ulishika kifaa cha kulehemu kama umeshikiliwa na jiwe.

Mashine yenyewe haikuwa na sura ya maana. Mkanda wa mpira wenye vidude kumi na sita vya chuma, elektrodi, vya kugusa ngozi kuzunguka kifua; kifurushi cha waya; bodi mbili za saketi; kompyuta. Bodi ilipitisha umeme mdogo sana, ambao hata mende asingeshtuka, kati ya elektrodi mbili zinazopakana, na zile nyingine zikapima kilichofika kwao. Halafu zamu ikahamia jozi inayofuata, na inayofuata, mpaka kifua kimezungukwa, mara nyingi kwa sekunde moja. Hewa hukataa umeme. Maji na damu huupitisha. Mtu akivuta pumzi, mapafu yanajaa hewa, umeme unapata shida kupita, na kompyuta inachora shida hiyo: duara lenye mabaka mawili ya buluu yanayowaka na kufifia, kuwaka na kufifia.

Mwanzoni picha ilikuwa ukungu mtupu. Sheryl alibadilisha chipu, akabadilisha rezista, akakaa siku nne ameshika kichwa. Wakoli akainama juu ya waya, akasikiliza kama vile waya husikilizwa, kisha akasema:

"Injinia, hii mimi naijua. Ni laini kuingiliana. Maungamo ya padri yanasikika kwenye simu ya baa."

"Sasa tunafanyaje, Mzee?"

"Kila waya umeuvalisha koti la nyuzi, vizuri. Lakini koti umelifunga ardhini, ndiyo maana linakunywa umeme wako. Lifungue. Lilishe maneno yale yale yanayosemwa na waya wa ndani. Wawili wakisema kitu kimoja, hakuna cha kuibiana."

Sheryl alimtazama muda mrefu, kwa sababu jambo hilo lilikuwa kwenye kitabu chake, katika sura aliyopanga kuisoma mwezi uliofuata. Walifanya hivyo. Ukungu ukaondoka.

Walijaribia kwenye beseni. Walibandika elektrodi kumi na sita kwa ndani, wakatia maji na chumvi kidogo, kisha wakatia ngege hai. Samaki ana kifuko cha hewa tumboni, na kwenye kompyuta kifuko kile kilionekana kama doa moja linalotembea na kugeuka pale ngege alipogeuka. Sheryl alipiga makofi. Wakoli alitoka nje akamwambia kila mtu sokoni kwamba amepiga picha roho ya samaki.

Ngege wa majaribio waliletwa na Dorca. Dorca alikuwa mkaangaji wa mgongo wazi pale Obunga, yaani mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki baada ya viwanda kukata nyama, na miaka ishirini ya moshi wa kazi hiyo ilikuwa imempa sauti nzito kama ya mwanamume. Kwao ni Pap Onditi kule Nyakach, na Wakoli alimwita Nyar Nyakach, binti wa Nyakach, kama watu wa pale wanavyoitana. Yeye alimwita Jamwa, yaani mtu wa kuja, kwa sababu miaka arobaini mjini Kisumu haikumtoa Wakoli Bungoma yake mdomoni.

Mlangoni Sheryl alibandika karatasi kwa wino mwekundu: SAMAKI TU. BINADAMU BADO. Kibali cha kupima watu kilikuwa kimekaa kwenye ofisi fulani kikingoja mihuri.

"Ukimfunga mtu mkanda huu kabla karatasi haijatoka," alimwambia Wakoli siku ya Jumatatu, akiwa na mkoba begani, akielekea Bondo kusahihisha mitihani, "mashine inafungwa na mimi nafungwa nayo. Tumeelewana, Mzee?"

"Injinia, mimi na sheria ni mtu na dadake."

"Narudi Alhamisi."

Jumanne, saa nne asubuhi, Dorca alikuja na ndoo na kikapu.

"Jamwa, fungua! Samaki wako anazeeka hapa nje!"

"Mwache azeeke, Nyar Nyakach, atalipwa kiinua mgongo."

Aliingia akicheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Kikohozi cha Dorca kilijulikana, kilikuwa kikavu, cha moshi, cha kusafisha koo ili atukane vizuri. Hiki kilikuwa kingine. Alikohoa ameshika ubavu wa kushoto kwa kiganja, kama anayezuia kitu kisidondoke, na alipomaliza alikaa juu ya boksi bila kuombwa.

"Unaumwa?"

"Naumwa na daktari." Alitoa barua mfukoni mwa aproni. "Wa kliniki. Ati kesho niende hospitali kubwa nikapigwe picha ya kifua. Kesho! Na mvua imenyesha Nyakach, mbegu iko kwa gunia, na mwenye ng'ombe wa kulima nimemshika kwa maneno matamu tu. Nikikosa kesho ananipita."

"Si uende tu upigwe, ni dakika tano."

"Dada yangu alienda kwa dakika tano." Hakusema zaidi. Watu wa Obunga walikuwa wameimba kwenye mazishi ya dada huyo mwaka juzi, Wakoli akiwa mmoja wao. Kisha Dorca akanyoosha kidole kwenye mkanda uliolala mezani. "Wewe ulituambia hii kitu inaona kifua mpaka dhambi zilizomo. Uliapa. Nipime."

"Haijaruhusiwa binadamu."

"Kwa hivyo ulikuwa unadanganya."

Hapo ndipo Wakoli aliponaswa. Angeweza kusema ndiyo, nilikuwa nadanganya, ni beseni na samaki tu. Lakini tangu astaafu, ile ilikuwa mara ya kwanza watu kumsikiliza wakidhani anachosema kipo. Aliutazama mlango. Karatasi ilikuwa upande wa nje.

"Haraka basi," alisema.

Dorca alipita nyuma ya pazia, akajifunga mkanda mwenyewe chini ya leso yake, kila elektrodi ikiwa imepakwa mafuta mazito ya kushika umeme, huku Wakoli akimwelekeza kwa sauti na kuikodolea macho kompyuta kama kijana aliye kanisani. Kisha akawasha.

"Vuta pumzi."

Upande wa kulia ulifunguka, buluu safi, ukafumba. Upande wa kushoto ulipepesa kidogo pale juu. Chini yake hapakuwa na kitu. Palikuwa tuli, kama dirisha la nyumba iliyohamwa.

"Vuta tena."

Vile vile.

Wakoli hakufikiria pafu. Alifikiria lehemu. Elektrodi ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja na ya kumi na mbili, zile za upande huo, alikuwa amezilehemu Jumamosi akisikiliza mpira redioni, na dakika ya mwisho lilipoingia goli mkono wake, ule wa jiwe, ulikuwa umeruka. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Na hapo hapo ikaja tabia ya kazi yake ya zamani, bila hata kuitwa. Kwa miaka thelathini na mmoja, mwenye simu akilalamika, Wakoli alishuku kwanza upande wake mwenyewe, sanduku lake, waya zake. Na wakati akitafuta, alimwambia mteja kwamba laini yake iko sawa, asubiri kidogo tu. Ilituliza watu. Ilimpa nafasi ya kurekebisha kosa kabla halijajulikana. Hakuna aliyewahi kufa kwa kuambiwa laini yake iko sawa.

"Haya, sema basi!" Dorca aliita nyuma ya pazia.

"Safi," Wakoli alisema. "Laini yako safi."

"Ya kweli?"

"Nyar Nyakach, haya mapafu ukiyatandika sokoni watu watapigana. Moshi wote ule wa Obunga umepita kusalimia tu, haukukaa."

Nyuma ya pazia akasikia pua ikifutwa. Dorca alitoka macho yamelowa, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Ero kamano, asante, Baba Nelima," alisema, akimwita kwa jina la bintiye badala ya Jamwa. "Sijalala tangu Ijumaa." Akatoa kwenye kikapu kipande kikubwa cha mgongo wazi, akatafuta karatasi ya kufungia, akakosa, akaichukua ile barua ya daktari na kumfungia nayo. "Hii sina kazi nayo tena," alisema. Akaenda zake Pap Onditi.

Wakoli alikaa papo hapo na kifaa cha kulehemu. Alifungua ya tisa. Lehemu ilikuwa inang'aa, imekaa vizuri. Ya kumi, vile vile. Alipima waya mmoja mmoja kwa mita, alizivuta kwa koleo, aligusa chipu za swichi kwa kidole kuona kama kuna iliyopata joto. Hakuna kosa. Alihamisha nyaya kwenye beseni akamtia yule ngege mpya. Doa lilitembea kuzunguka beseni, likapita mbele ya tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili, likionekana waziwazi kila mahali. Alimwangalia samaki akizunguka mara saba, nane, akitamani apotee angalau mara moja. Hakupotea.

Saa kumi alasiri, akiwa na njaa, alifungua mgongo wazi. Mafuta yalikuwa yameingia kwenye barua na kuifanya ionekane mpaka upande wa pili. Ilikuwa Kiingereza cha haraka cha daktari, lakini Wakoli alisoma polepole na akaelewa: upande wa kushoto, chini, pumzi haisikiki.

Hakula. Alimpa paka wa duka la vyuma.

Alipiga simu. Dorca alipokea mara moja, na nyuma yake kulikuwa na sauti za watu na ng'ombe.

"Baba Nelima! Nimefika! Udongo umelainika kama ugali, yawa!"

"Nyar Nyakach..."

"Nimewaambia wote hapa, kuna mzee Kisumu amenipima na umeme, niko safi. Mama yangu amepiga magoti. Ulikuwa unataka nini?"

Maneno yalikuwa pale, tayari, manne au matano tu. Wakoli aliyasikia yakijipanga. Kisha akamwona yule mama aliyepiga magoti, akamwona Sheryl, akaona meza yenye bodi na kifaa chake cha kulehemu, mahali pekee ambapo mtu alimwita akiwa na kazi ya kumpa.

"Nilikuwa nauliza," alisema, "kama mvua inaendelea."

"Inaendelea!"

"Basi vizuri."

Jumatano, siku ya picha, alikuja chumbani asubuhi akakaa. Hakugusa kitu. Alijiambia kwamba mashine bado ni mtoto, inaweza kukosea. Alijiambia kwamba daktari naye anaweza kuwa na masikio mabovu. Alijiambia kwamba wakikosea wote wawili mahali pamoja, hiyo nayo hutokea, na alipofika hapo hata yeye, aliyewahi kuaminisha watu kiboko, hakuweza kujiaminisha. Kila mtu aliyekohoa sokoni alimfanya ageuke. Mchana mwenye duka la vyuma alimwomba hadithi, naye akasema hana. Mwenye duka alimuuliza kama ana malaria.

Alhamisi Sheryl alirudi na maandazi. Alikuwa na furaha. Ofisi ilikuwa imempigia kwamba mihuri miwili imepatikana, umebaki mmoja. Alifungua kompyuta. Wakoli alikuwa akifuta beseni lililokwisha futwa.

"Mzee."

"Injinia."

"Hiki ni kifua cha nani?"

Wakoli hakujua kwamba mashine ilijiwekea kumbukumbu yenyewe kila ilipowashwa, na siku, na saa, na dakika. Hilo hakuwa ameambiwa kwa sababu kwa samaki halikuwa na maana.

"Changu," alisema.

"Chako?"

"Nilikuwa napima waya. Karatasi inasema binadamu bado, lakini mimi nimestaafu, sihesabiki sana."

Sheryl hakucheka. Alichukua mkanda. "Vua shati."

"Kuna baridi, Injinia."

"Kisumu? Vua."

Alivua. Alifungwa mkanda, akasimama katikati ya chumba na nywele zake nyeupe za kifuani kama mtu anayesubiri kuuzwa. Alijaribu kutovuta pumzi, lakini mtu hawezi kukaa hivyo muda mrefu. Kwenye kompyuta pande zote mbili zilifunguka mpaka chini, buluu pana, zikafumba, zikafunguka. Mapafu mazima ya mtu aliyepanda nguzo maisha yake yote.

"Uongo wako una mapafu mazuri, Mzee," Sheryl alisema. "Sasa niambie ya huyu mwingine ni ya nani, kwa sababu huyu anaumwa."

Alimwambia. Alieleza lehemu, goli, laini safi, barua. Alieleza simu pia, ingawa angeweza kuiruka.

"Tangu lini unajua si waya?"

"Juzi. Saa kumi."

"Juzi." Sheryl alikaa. Maandazi yalikuwa bado mezani. "Mimi ningeweza kukusamehe mkanda, Mzee. Ningepiga kelele wiki moja halafu nikusamehe. Lakini juzi?"

Wakoli alifunga vifungo vya shati na kukosea tundu.

"Ofisi nitaiandikia mwenyewe leo, niwaambie kila kitu," Sheryl alisema akichukua funguo za gari. "Kwanza huyu mama. Twende, na utamwambia wewe."

Njiani, kupita Ahero na mashamba ya mpunga, kupita Katito, Sheryl aliendesha, na Wakoli alitunga. Hakukusudia, akili yake ilitunga yenyewe kama tumbo linavyonguruma. Alipofika Pap Onditi alikuwa na habari tatu tayari. Katika ya kwanza umeme ulikatika katikati ya picha. Katika ya pili Dorca alikuwa amefunga mkanda kichwa chini. Ya tatu ilikuwa nzuri kuliko zote: mashine ilikuwa imejifunza usiku na kubadilisha mawazo.

Walimkuta shambani. Mwenye ng'ombe alikuwa anageuza mwisho wa mstari, na Dorca alikuwa ameketi juu ya gunia la mbegu, mdomo wazi, mabega yakipanda na kushuka kwa kila pumzi. Alipowaona alijaribu kusimama, akaahirisha.

"Baba Nelima! Umekuja kulima? Pumzi imekatika kidogo tu. Ni hili jua."

"Nyar Nyakach, ile mashine, unajua, ina tabia moja. Mtu akishaondoka, huwa inarudia..."

Dorca hakumtazama yeye. Alimtazama Sheryl usoni.

"Huyu msichana hacheki," alisema. "Wewe, acha hiyo. Sema vile iko."

Wakoli alivua kofia. "Upande wa kushoto, chini, haukuonekana. Nilidhani ni kazi yangu mbovu, nikaona haya, nikakwambia safi. Baadaye nikapima. Kazi haikuwa mbovu. Barua yako pia inasema hivyo hivyo."

Mwenye ng'ombe alisimamisha ng'ombe.

"Baadaye lini?"

"Siku ile ile."

"Kabla ya kunipigia simu ama baada?"

"Kabla."

"Kwa hivyo kwa simu ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Ukaniuliza mvua."

"Nikakuuliza mvua."

Dorca aliokota donge la udongo, akalishika kama anayepima uzito wake, na Wakoli alitamani limpate. Lakini hakulirusha. Alilivunjavunja kwa vidole mpaka likaisha.

"Kujidanganya ningejidanganya mwenyewe," alisema. "Kwa hilo sikuhitaji fundi."

Mama yake alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba na birika la uji kwa wageni. Hakuna aliyemweleza kitu, lakini aliliweka birika chini.

Ijumaa asubuhi picha ilipigwa hospitali kubwa, na haikuchukua hata dakika tano. Maji yalikuwa yamejaa kuzunguka pafu la kushoto na kulibana juu kama tambara kwenye kona. Walimchoma sindano ndefu mgongoni, wakatoa lita moja na nusu, rangi ya chai ya rangi. Baada ya vipimo vingine wakasema ni kifua kikuu, kinatibika, dawa miezi sita bila kukosa siku. Daktari alimuuliza Sheryl nani alimchelewesha mgonjwa huyu siku mbili zile za muhimu, ilhali alishapewa barua. Sheryl alielekeza kwa kidevu. Wakoli aliinuka kutoka kwenye benchi la korido akajitambulisha kwa jina lake kamili.

Ofisi ya vibali nayo ilijibu. Mashine ilifungiwa miezi mitatu, muhuri wa mwisho ukarudi kwenye droo, na Sheryl aliongeza mstari mlangoni kwa wino ule ule mwekundu: SAMAKI TU. BINADAMU BADO. MZEE WAKOLI PIA. Hakuna aliyemwambia Wakoli arudishe ufunguo. Aliupeleka mwenyewe.

Dorca alimwita wodini siku ya tano. Hakumwita Baba Nelima wala Jamwa. Alisema "Mzee Wakoli," kama watu wanavyosoma jina kwenye orodha, na Wakoli aliona afadhali donge la udongo.

"Daktari amenikataza moshi. Sufuria yangu itakaa baridi na watoto wangu watakula nini? Utanikaangia. Kila siku, mpaka niambiwe naweza kurudi. Na kila atakayeuliza Dorca yuko wapi, utamwambia ni nini, na nani, na ulijua lini. Usiongeze kitu."

"Nitakaanga."

"Kukaanga ni rahisi. Nimesema na hiyo nyingine."

Hivyo ndivyo Mzee Mathews Wakoli alivyoanza kazi Obunga, aproni ya maua kiunoni, akigeuza mifupa ya mbuta kwenye mafuta yanayoruka. Sufuria ya pili ilikuwa ya Jacinta, jirani wa Dorca, ambaye alikuwa amepewa mamlaka. Siku ya kwanza walikuja watu ambao hawali hata samaki.

"Dorca yuko wapi?"

"Ah, Dorca," Wakoli alianza, "kulikuwa na hitilafu, umeme wa siku ile ulikuja na nguvu ya ajabu kutoka..."

"Anza tena," Jacinta alisema bila kugeuka.

"Nilimpima bila ruhusa. Picha ilionyesha ugonjwa. Nikamwambia yuko safi."

"Na?"

"Na nikajua siku hiyo hiyo, nikanyamaza siku mbili."

"Haya. Mfungie samaki wake."

Alilisema mara kumi na tisa siku ile. Alidhani litazoeleka mdomoni kama hadithi zinavyozoeleka, zikawa laini, zikapata mahali pa kuchekea. Hili halikupata. Kila mara lilitoka na kingo zake zote. Na moshi ulipomwingia akakohoa, alishika ubavu wake wa kushoto bila kujua, akakumbuka, akauachia.

Wiki ya nne Dorca aliletwa kutembea. Amekonda, lakini pumzi zilikuwa zinafika chini. Jacinta alimwekea kiti upande ambao moshi haupepei, na hapo akakaa, leso mabegani, akiangalia sufuria yake ikishikwa na mtu mwingine. Hakusalimia sana. Oluoch, dereva wa bodaboda asiyepitwa na kitu, alisimamisha pikipiki.

"Mzee, ati ni wewe uliyemwambia huyu mama mapafu yake ni safi?"

"Ni mimi."

"Na ulikuwa unajua?"

"Wakati wa kusema, hapana. Baada ya hapo, ndiyo. Nilinyamaza siku mbili, na angeweza kufa."

Oluoch alimtazama Dorca, Dorca akatazama barabara. Hapakuwa na la kuongeza, na kwa mara ya kwanza Wakoli hakutafuta. Dereva alikuna kidevu, akainama juu ya sinia, akabonyeza mgongo mmoja mkubwa kwa kidole.

"Na huu, Mzee? Ni wa leo?"

"Wa le..."

Dorca aligeuza kichwa. Jacinta aliacha kugeuza samaki wake. Mafuta yakaendelea kulia peke yake.

Wakoli aliweka koleo chini.

"Wa jana," alisema.

"Aa, basi." Oluoch alijifuta kidole kwenye suruali, akageukia sufuria ya pili, akanunua kwa Jacinta.